Binti yangu kakatwa alama kwa "kukosa utangulizi". Hivi insha lazima ianzie wapi?

#1 KalamuButu
Wakuu salaam. Jana nimerudi kazini nikamkuta binti yangu (miaka 13) kalilaza daftari kifudifudi mezani, hasemi na mtu. Nikaligeuza. Insha, ukurasa mmoja na nusu. Sentensi yake ya kwanza hii hapa:

"Maji yalipofika kidevuni ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kuogelea."

Pembeni yake kuna mstari mwekundu na maneno mawili: "Utangulizi wapi?" Chini kabisa, 9 kati ya 20.

Mimi sentensi hiyo ilinikalisha kitini bila hata kuvua viatu, nikasoma hadi mwisho. Kwangu insha ikimkalisha mtu hivyo imeshafanya kazi yake. Naona hii biashara ya utangulizi, kiini, hitimisho tumeigeuza fomu ya kujaza, na watoto wenye kitu cha kusema ndio wanaoumia. Nipingeni.

#2 Chaki_Nyeupe
Salaam mkuu. Nafundisha lugha, mwaka wa 19 sasa. Mwalimu mwenzangu simtetei wala simlaumu, maana insha yenyewe sijaiona. Ila nikwambie kwa nini sehemu tatu zinafundishwa. Mtoto ukimwacha bila reli anaandika aya moja, ukurasa mzima, hapumui: halafu tukaenda, halafu tukafika, halafu akaja. Kuna insha moja niliwahi kuhesabu "halafu" 23. Ukimpa sehemu tatu anapata pa kushika.

Sasa kosa letu walimu ni kumfanya mtoto aamini utangulizi ni salamu. Utangulizi ni ahadi. Msomaji anataka kujua ni nani, yuko wapi, kuna jambo gani. Sentensi ya binti yako ina mtu, ina maji, ina balaa. Mimi ningeikubali. Ningemdai kitu kimoja tu: aya ya pili inirudishe nyuma, alifikaje humo majini?

#3 MtotoWaJuzi
Afadhali yeye. Mimi insha zangu zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mtihani wa mwisho: "Ilikuwa siku ya Ijumaa, alfajiri na mapema, majogoo yakiwika na ndege wakitumbuiza kwa sauti nyororo, niliporauka..." Insha ya ajali ya treni, jogoo. Insha ya siku ya michezo, jogoo. Barua ya kuomba kazi nilijizuia kwa nguvu.

#4 Nukta_Mkato
#3 umenikumbusha mateso. Nimewahi kukaa meza za kusahihisha, sisemi wapi. Ukifika karatasi ya 60 yule jogoo unamsikia kabla hujafungua. Na siku hiyo "haitafutika kamwe katika kumbukumbu zangu" imeandikwa na watoto hamsini waliokaa chumba kimoja, kwa hiyo wote wana siku ile ile moja.

KalamuButu, nikupe siri ya meza. Msahihishaji aliyechoka anasoma aya ya kwanza polepole, anasoma ya mwisho polepole, katikati anateleza akitafuta pa kukanyaga: sentensi inayoanza aya, kiunganishi, jina jipya. Si haki, lakini ndivyo macho yanavyofanya kazi. Muundo ni huruma kwa mtu huyo. Mtoto asipomwekea mawe ya kukanyaga, anazama naye.

#5 Mzee wa Makabrasha
Hoja nzuri hii. Mjue tu kwamba huo utatu si wa walimu wenu. Ni wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo: kila insha iwe na mwanzo, kati na mwisho.

#6 MbishiAsilia
Mzee heshima yako, lakini hapo umemsingizia. Aristotle alikuwa anazungumzia tanzia, mchezo wa jukwaani, wala insha haikuwapo. Na mwanzo aliueleza kuwa ni kile ambacho si lazima kitanguliwe na kitu kingine, ila chenyewe kina kitu kinachokifuata. Hapo hamna "tambulisha mada".

Ukitaka wa kale anayemtetea huyo binti, yupo Horace, Mrumi. Alimsifu Homer, mshairi wa Kigiriki, kwa kumtupa msomaji katikati ya mambo badala ya kumwanzishia tangu yai, lile ambalo husimuliwa Helen, mwanamke aliyepiganiwa, alizaliwa humo. Vita vya Troy vinasimuliwa kuwa vilidumu miaka 10, na Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo, inaanza miaka tisa ikiwa imekwisha. Homer naye angeandikiwa "Utangulizi wapi?"

#7 Mzee wa Makabrasha
Nimekubali kusahihishwa, ni tanzia kweli. Lakini na mimi niongeze jambo kuhusu neno lenyewe. Insha ni neno la Kiarabu, asili yake ni kuanzisha au kuunda kitu. Katika Misri ya Wamamluki, watawala wake wa enzi hizo, ofisi iliyoandika barua za dola iliitwa diwani ya insha, na karani wake mmoja, al-Qalqashandi, aliyefariki 1418, aliwaandikia wenzake mwongozo mrefu ajabu wa kazi hiyo. Huyu umwiteje, cheo chake ukiandikeje, dua gani itangulie, ndipo useme shida yako. Utangulizi wa lazima kabisa.

Upande mwingine kuna Mfaransa, Montaigne, aliyechapisha mwaka 1580 maandishi aliyoyaita "majaribio". Anaanza na jambo moja, anapotelea kwa jingine, anarudi akitaka. Huko ndiko Wazungu walikopata jina lao la insha.

Kwa hiyo hiki tunachokiita insha kina wazazi wawili, karani na mzururaji. Shuleni tunamfundisha mtoto ya karani, halafu akileta ya mzururaji tunashangaa kaipata wapi.

#8 Sengenge
Mtoto wa watu ana 9 kati ya 20, sisi tumeshafika Misri 😂

#9 Bi_Mshororo
Sengenge mwache Mzee, sisi wengine tunajifunza.

Mimi nauona utangulizi kwa jicho la tenzi. Watunzi wa zamani hawakuwa na haraka. Anaanza kwa kumtaja Mungu na kumsifu, anaagiza aletewe wino na karatasi, beti kadhaa zimekwisha kisa bado. Na mwishoni anafunga vizuri: jina lake, pengine na hesabu ya beti, tamati. Msikilizaji alijua ameingia na alijua ametoka. Hata ngano ya bibi, "Paukwa!" "Pakawa!" ni mlango ule ule. Si kwamba utangulizi ni mzigo. Ni kwamba jogoo wa #3 si mlango, ni picha ya mlango iliyochorwa ukutani.

#10 MtotoWaJuzi
Jogoo wangu mmemgeuza mada ya uzamili.

#11 Kiranja_wa_Zamani
Samahani jamani, nimesoma yote mpaka hapa na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Swali lilisemaje?

#12 Chaki_Nyeupe
#11 aibu hii ni yangu. Ndiyo kitu cha kwanza ninachowaambia wanafunzi: pigia mstari kitenzi cha swali. Simulia, eleza, jadili, fafanua, kila kimoja kinataka mifupa yake.

#13 KalamuButu
Nimemuuliza. Lilikuwa ubaoni, daftarini hakulinakili.

"Eleza umuhimu wa kujifunza kuogelea."

#14 MtotoWaJuzi
Uzi umezama na sisi wote ndani 😂😂

#15 Sengenge
Horace anaomba kufuta bandiko.

#16 Chaki_Nyeupe
Basi hapo mambo yamegeuka. Hiyo si insha ya masimulizi, ni ya maelezo yanayodai sababu. Tofauti yake niiseme kwa namna ninayoisema darasani. Masimulizi uti wake wa mgongo ni wakati: ukihamisha aya ya tatu ikawa ya tano, kisa kinavunjika. Insha ya sababu uti wake ni hoja: aya mbili za katikati ukizibadilishana nafasi bado inasimama, ila uzito unabadilika. Mtoto akiandika ya pili kwa mifupa ya ya kwanza, mwalimu anasoma anasubiri hoja, hoja haiji.

KalamuButu, hebu tuhesabie. Aya ngapi, na kila moja inafanya nini?

#17 KalamuButu
Aya ya kwanza anazama. Ya pili kaka yake anaruka, anamkamata kwapani, anamvuta. Ya tatu yuko juu ya nyasi anatapika maji na watu wanamzunguka (hapo kuna sentensi nzuri, anasema aliona viatu vingi lakini hakuona uso hata mmoja). Ya nne nainakili yote:

"Kwa hiyo kujifunza kuogelea ni muhimu kwa sababu kunaokoa maisha, ni mazoezi ya mwili na pia mtu anaweza kumwokoa mwenzake."

Basi. Imekwisha hapo.

Nakiri hasira zangu zimepungua. Siyo zimekwisha.

#18 Nukta_Mkato
Hoja zote tatu ndani ya sentensi moja, tena ya mwisho. Mwalimu kampa 9? Huyo mwalimu ana roho nzuri, viatu vile vimemgusa.

Kuna kipimo nakitumia. Funika insha yote, acha sentensi ya kwanza ya kila aya tu, halafu zisome mfululizo. Zikikupa jibu la swali, muundo upo. Za binti: Maji yalifika kidevuni. Kaka akaruka. Nilijikuta juu ya nyasi. Kwa hiyo kuogelea ni muhimu. Hilo jibu la "ilikuwaje", si la "kwa nini". Na neno alilopaswa kuandika mwalimu ni "hoja wapi?" Utangulizi alionewa tu.

#19 MbishiAsilia
Bado sijaweka silaha chini. Insha ya hoja kufunguliwa kwa kisa hakuna sheria inayokataza. Na angalieni vizuri: hoja zake zimo ndani ya kisa, hajazitoa tu. Kaka aliruka kwa kuwa alijua kuogelea, hiyo ndiyo hoja ya kumwokoa mwenzako, iko hai, ina mikono. Wale watu waliosimama na viatu vyao hawakuruka, hiyo ni hoja nyingine kabisa ambayo hata yeye hajaiona! Mtoto huyu ana shamba lililokwisha kuiva, hajavuna tu. Ukimwambia afute kisa aanze "Kuogelea ni tendo la kuelea na kujongea majini kwa kutumia mikono na miguu", umemuua.

#20 Chaki_Nyeupe
#19 hapo tuko pamoja, ila kwa kipimo. Kisa kichukue mistari minne au mitano, kisha sentensi moja ya kugeuza: "Siku ile ndiyo iliyonifundisha kwamba..." Baada ya hapo kila aya ianze na hoja, ndipo arudi kwenye maji kuchukua ushahidi.

Aya moja ya namna hiyo ingekuwa hivi: "Anayejua kuogelea huokoa na wengine. Siku niliyozama, ukingoni kulikuwa na watu wazima wengi, lakini aliyeruka ni kaka yangu peke yake. Hakuwapita kwa nguvu wala kwa ujasiri. Aliwapita kwa kuwa alijifunza." Hoja, mfano, maelezo ya huo mfano, imekwisha. Hayo maelezo ya mwisho ndiyo watoto huyaruka. Wanatupa mfano wanakimbia, kama msomaji atamalizia mwenyewe.

#21 Mtahiniwa
Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, nina mtihani karibuni, uzi umenifaa sana. Swali langu: kama nina hoja tatu, ile nzito niiweke ya kwanza au ya mwisho? Mwalimu wa mwaka jana alisema ya kwanza. Wa mwaka huu anasema ya mwisho.

#22 Mzee wa Makabrasha
Marahaba mwanangu. Hilo walibishania Warumi na halijaisha. Quintilian, mwalimu wao wa ufasaha katika karne ya 1, anataja mpango mmoja unaoitwa wa Kihomer. Ndani ya Iliad mzee Nestor anapanga jeshi: magari ya vita mbele, askari hodari wa miguu nyuma, na waoga anawabana katikati ili wapigane watake wasitake. Hoja nazo hivyo hivyo. Kali moja mbele, kali nyingine nyuma, dhaifu ibanwe katikati.

#23 Sengenge
Mzee, na kama zote tatu ni waoga?

#24 Nukta_Mkato
Mimi nasema nzito mbele, na sababu yangu haina uhusiano na Nestor. Muda. Nimesoma karatasi nyingi zinazokatikia katikati ya sentensi, "Na sababu kubwa kuliko zote ni kw", saa imegonga. Hazina imebaki kichwani mwa mtoto, na kichwa hakisahihishwi.

#25 Chaki_Nyeupe
Na mimi naona kinyume chake. Wakiweka nzito mbele, wakifika ya tatu wameishiwa pumzi, insha inateremka kama puto. Napenda ipande ngazi. Kuhusu muda, dawa yake ni mpango, siyo kugeuza hoja kichwa chini.

Mtahiniwa, fuata wa mwaka huu. Ndiye atakayekusahihisha.

#26 Mtahiniwa
Ahsante mwalimu. Na mpango unachukua dakika ngapi? Huwa naogopa, wenzangu wameshaanza kuandika mimi bado nachorachora.

#27 Nukta_Mkato
Dakika tano kati ya arobaini hazijamfelisha mtu. Usiandike sentensi, andika maneno. "Kaka. Viatu. Pumzi. Mazoezi." Kila neno aya moja. Halafu fanya kitu wachache wanafanya: amua sentensi ya mwisho kabla ya kuandika ya kwanza. Ukijua unakokwenda hutahitaji jogoo wa kukuamsha.

#28 MbishiAsilia
Wengine hatuwezi hivyo. Mimi sijui ninafikiri nini mpaka niandike. Naandika kurasa mbili za takataka, ndani yake naipata insha, ndipo naandika utangulizi, mwisho kabisa. Tatizo mtihani haukupi nafasi ya takataka. Lakini kazi ya nyumbani inakupa, na huko ndiko mtu angejifunzia. Mbona tunamfundisha mtoto kuandika kana kwamba kila siku kuna msimamizi nyuma yake?

#29 Bi_Mshororo
Mmeacha insha ya methali, ambako muundo ndipo unapomaliza watu. Nilipewa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Nikaandika kisa kitamu mno, kijana, baiskeli, mteremko, breki hazishiki, guu likavunjika vipande viwili. Nikapata 5. Mwalimu kaandika: "Mkuu yuko wapi?"

Nikasoma tena. Kweli. Katika kurasa mbili hakuna mtu hata mmoja aliyemwonya yule kijana. Nilikuwa na guu bila mkuu. Methali karibu zote zina bawa mbili, na kisa kisipobeba zote mbili hakiruki. "Mchelea mwana kulia hulia yeye": lazima kwanza mzazi adekeze, nimwone akidekeza, ndipo alie. Wengi huandika kilio tu.

#30 Kiranja_wa_Zamani
Na hilo guu si lazima liwe guu la mfupa. Anaweza kufilisika, ndiyo kuvunjika kwenyewe.

Ila Bi_Mshororo, insha ya methali inaanzaje? Sisi tulilazimishwa aya ya kwanza ieleze maana ya juu, maana ya ndani na matumizi yake, ndipo kisa. Mdogo wangu anaambiwa aingie kwenye kisa moja kwa moja, methali ataitaja mwishoni.

#31 Bi_Mshororo
Mimi nilifundishwa kama wewe, na sikuipenda. Ukishamweleza mtu maana, kisa kinabaki kuonyesha kitu alichokwisha kukijua. Lakini nimeona wasahihishaji wanaodai ile aya, wasipoiona wanakata.

#32 Nukta_Mkato
Kwenye meza niliyokaa mimi haikudaiwa. Tulitazama kama kisa kinaoana na methali, basi.

#33 Chaki_Nyeupe
Kwetu inadaiwa, tena ina alama zake.

#34 Sengenge
Kwa hiyo mtoto aanze kwa kuuliza msahihishaji ni nani.

#35 MtotoWaJuzi
Hamjagusa hitimisho la taifa: "Mara nikasikia mama akiniita. Kumbe ilikuwa ndoto!" Nilipambana na majambazi saba wenye silaha, nikatimua mbio kama swara, jasho likinitoka kapakapa, nikaangukia shimoni, dakika zimebaki mbili. Ningefanyaje? Mama akaniita.

#36 Nukta_Mkato
Ile ndoto inatueleza kitu kweli. Inakuja pale ambapo mtoto amejenga kisa kikubwa kuliko karatasi. Si mwisho uliokosekana, ni mwanzo uliopitiliza. Majambazi saba! Angeanza na mmoja.

#37 MbishiAsilia
Hitimisho la insha ya hoja nalo lina ndoto yake: "Kwa kuhitimisha, ningependa kuhitimisha kwa kusema kwamba..." halafu anarudia hoja zile zile tatu kwa mpangilio ule ule. Kama insha ni ya kurasa mbili, msomaji hajasahau. Mpe anachoweza kukifanya, au mrudishe kwenye ile picha ya mwanzo akiwa anaiona tofauti. Binti wa KalamuButu angeweza kumalizia na vile viatu.

#38 Kiranja_wa_Zamani
Na viunganishi je? Mimi nilifundishwa orodha, nikaimwaga yote. Isitoshe. Fauka ya hayo. Aidha. Mbali na hayo. Licha ya hayo. Insha moja ilikuwa na "fauka ya hayo" nne, na hakuna "hayo" hata moja lililoeleweka ni yapi.

#39 Chaki_Nyeupe
Watoto wanadhani "licha ya hayo" na "zaidi ya hayo" ni ndugu. "Kuogelea ni mazoezi. Licha ya hayo, kunaokoa maisha." Mimi nawaambia kiunganishi ni alama ya barabarani. Ukiandika "hata hivyo" umewasha taa ya kukata kona. Usipokata, wa nyuma anakugonga.

#40 Mzee wa Makabrasha
Nimenyamaza muda mrefu, nivumilieni kidogo. Uchina wakati wa nasaba za Ming na Qing, aliyetaka kazi ya serikali aliandika insha yenye sehemu nane zilizopangwa, na ndani yake sentensi zilitakiwa zilingane jozi kwa jozi. Watu walitumia ujana wao wote kuijua fomu ile. Lawama zikawa nyingi kwamba wasomi wanajua kupanga na hawajui kufikiri. Ikaondolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1905 mitihani yenyewe ikafutwa. KalamuButu bandiko lako la kwanza lingewapendeza.

#41 Chaki_Nyeupe
Mzee, na upande wa pili pia useme: ilidumu karne nyingi kwa kuwa maelfu ya karatasi zilihitaji kipimo kimoja. Mimi nina 52 za kusahihisha wikendi hii. Ukinipa mizururo 52 sitalala.

#42 MbishiAsilia
Hapo umesema ukweli ambao huwa hausemwi. Muundo huu kwa kiasi kikubwa ni kwa faida ya anayesahihisha.

#43 Chaki_Nyeupe
Kwa kiasi. Huyo anayesahihisha pia ni msomaji, ujue. Mara nyingi ndiye msomaji pekee ambaye ile insha itawahi kumpata.

#44 KalamuButu
Nimerudi. Ahsanteni wote. Nilimsomea binti baadhi ya mabandiko (ya jogoo alitaka nirudie mara mbili). Jana alimfuata mwalimu wake, akaambiwa aandike upya, alama zitaangaliwa. Jioni yote alikuwa chini, ametoka na mianzo miwili. Anataka mchague.

A: "Maji yalipofika kidevuni ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kuogelea. Ukingoni niliona viatu vingi. Vilivyoruka ni vya mtu mmoja tu, kaka yangu, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kujifunza. Nataka kueleza kwa nini kila mmoja wa wale wenye viatu angejifunza pia."

B: "Kujifunza kuogelea kuna umuhimu mkubwa. Kunamwokoa mtu, kunamwezesha kumwokoa mwenzake, kunajenga mwili, na kunamfundisha kuyatambua maji asiyopaswa kuyaingia."

#45 MbishiAsilia
A. Sina la kuongeza.

#46 Nukta_Mkato
B ukiwa chumba cha mtihani. A ukiwa nyumbani. Na kwenye A, neno "nataka kueleza" aliondoe, atuambie tu.

#47 Chaki_Nyeupe
#46 hapana, hiyo "nataka kueleza" aiache, ana miaka 13, ndiyo kamba anayoishikilia asirudi kwenye masimulizi. Nachagua A. Ila nauliza, ile hoja ya nne kwenye B, ya maji asiyopaswa kuyaingia, imetoka wapi? Haikuwapo kwenye insha ya kwanza.

#48 KalamuButu
Nimemuuliza. Kasema alipokuwa akipanga B ilibidi atafute ya nne ili ziwe shufwa, ndipo akakumbuka kwamba siku ile kaka yake alimkataza kuingia upande ule kabla hajazama. Kwenye insha ya kwanza hakulitaja kabisa.

#49 Bi_Mshororo
Kumbe mkuu alikuwapo!

#50 Mtahiniwa
Mimi nachagua B, ila hoja ya nne ije ya kwanza. Au ya mwisho. Bado sijaelewa.

#51 MtotoWaJuzi
Naleta C: "Ilikuwa siku ya Ijumaa, alfajiri na mapema, jogoo akiwa ndani ya maji hadi kidevuni..."